Miezi mitatu ya kifungua mimba, miezi sita ya mdogo wake

Sindano niliipasha kwenye jiko la mkaa mpaka ncha ikawa nyekundu, nikaipitisha kwenye chuchu ya chupa ili kupanua tundu. Tundu la dukani ni la maziwa, uji haupiti. Mpira ukatoa harufu ya kuungua, nikajaribu na uji kidogo, ukachuruzika vizuri. Nikaona mambo yamekaa sawa. Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi 3 kasoro siku chache, na kesho yake saa 1 asubuhi nilitakiwa niwe nimetoka nyumbani kurudi kazini.

Ilikuwa Julai 2014, Mafinga mkoani Iringa, wakati ule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi ni mtu wa Muheza niliyeolewa Mufindi, na nilikuwa karani wa mauzo kwenye kampuni moja ya mbao. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki nako walikuwa wamenifundisha vizuri kabisa: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji asipewe. Siku 84 hazifiki hata miezi 3. Nilikaa na namba hizo mbili kichwani wiki nzima nikitafuta zinapokutana, na hazikutani popote. Sheria hiyohiyo inasema mama anayenyonyesha apewe mpaka saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake ndani ya muda wa kazi, lakini hilo nililijua miaka 5 baadaye. Ofisini hakuna aliyenitajia, na mimi sikujua kuuliza.

Kwa hiyo nikija kuulizwa kwa nini wazazi wanaanza kuwapa watoto chakula mapema, jibu langu la kwanza ni hilo la kazi. Si kila mama anayechemsha uji mwezi wa tatu hajasikia somo. Wengi wamesikia, ila mazingira yao hayawapi nafasi ya kulifuata.

Jibu la pili ni kilio. Mtoto alikuwa analia kuanzia magharibi mpaka saa 4 usiku, ananyonya, anaachia, anaanza tena. Mama mkwe alikuwa amekuja kunisaidia, akaniangalia siku kadhaa bila kusema kitu, halafu jioni moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, maziwa yako ni mepesi. Mtoto ana njaa huyu. Baba yake nilimpa uji miezi mitatu, minne, na unamwona alivyo." Mume wangu ni mrefu, kifua kipana, anabeba gogo ambalo vijana wawili wanasaidiana. Ningejibu nini?

Leo ningejibu kwamba maziwa ya mama yanaonekana mepesi kwa macho tu, hasa yale ya mwanzo wa kunyonya. Ningemwambia kwamba watoto wa umri ule hulia sana jioni na hutaka ziwa kila dakika, na hiyo haimaanishi kwamba hawashibi. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na anayeongezeka uzito, maziwa yanamtosha. Lakini mama mwenye mtoto wa kwanza, ambaye hajalala, akiambiwa maziwa yake ni mepesi, neno hilo linamwingia kuliko mafundisho yote ya kliniki.

Basi tukaanza. Uji wa sembe, mwepesi, umechujwa, sukari kijiko kimoja, ndani ya chupa. Wiki mbili za kwanza alilala usiku kucha. Nikasema kumbe kweli alikuwa na njaa. Binti aliyekuwa anamtunza alikuwa anapika uji asubuhi, anauweka kwenye chupa ya chai, na anamjazia mtoto chupa yake kila alipolia. Saa 11 jioni nikirudi namkuta ameshiba, hataki ziwa. Matiti yaliyokuwa yananijaa mpaka kuuma, taratibu yakaacha kujaa. Sikuunganisha hayo mawili. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Mwezi wa nne akaanza kuharisha. Tukapewa chumvichumvi na vidonge vya zinki, akapona, akaharisha tena. Chupa ile ilikuwa na shingo nyembamba, na kwenye ile chuchu, pale nilipopanua tundu, uji ulikuwa unaganda kwa ndani mahali ambapo brashi haifiki. Nilikuja kuuona siku nilipoigeuza nje-ndani: utando wa kijivu unaoteleza. Mtoto alikuwa ananyonya kupitia pale mara 5 kwa siku.

Kliniki ya mwezi wa tano, mzani ukasema kilo 5 na nusu. Mwezi uliotangulia ilikuwa hivyohivyo. Nesi akachora nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ile ya nyuma, mstari ukalala. Akaniuliza, "Mama, mtoto unampa nini?" Nikasema maziwa tu. Nilimdanganya bila hata kupepesa, kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na wote walikuwa wanasikia. Nimewahi kujuta mambo mengi, lakini hilo la kudanganya mbele ya kadi ya mwanangu bado linanirudia. Yule nesi alikuwa na uwezo wa kunisaidia siku ile, na mimi nilifunga mlango.

Mtaani nako wakaanza yao. Mtoto aliyekuwa amenona, sasa kichwa kikubwa na mikono myembamba, wakasema amebemendwa. Asiyelijua neno hili ashukuru. Maana yake ni kwamba wazazi wamekutana kimwili wakati mama bado ananyonyesha, wamemharibia mtoto. Hakuna aliyenieleza usoni; nilisikia kwa binti wa kazi. Mama mmoja mtu mzima akamshauri mama mkwe kwamba niachishwe kunyonyesha mara moja, mtoto apewe uji pekee. Fikiria: mtoto anadhoofika kwa sababu ya uji mwepesi, na dawa iliyopendekezwa ni kumwondolea kitu pekee chenye lishe kilichobaki. Niliona aibu iliyonifanya nisitoke nje kuanika nguo mchana. Aliyenishika mkono ni shangazi yangu wa Muheza, kwenye simu: "Mungu katika Baqara ametaja miaka miwili kamili, mwanangu. Hao waliokwambia ukate, wamesoma wapi?"

Nilirudi kliniki wiki iliyofuata, siku ambayo si ya kupima, nikamkuta nesi yuleyule peke yake. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alichukua kikombe cha plastiki cha kunywea dawa, akajaza maji mpaka kipimo fulani, akaniambia tumbo la mtoto linachukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 5 na nusu, hesabu yake haifiki mililita 170, pungufu ya glasi. Sasa ukijaza hapo uji wa kuchuja, maziwa yataingia wapi? Maziwa ya mama yana karibu kalori 70 kwa kila mililita 100. Uji ambao umetia kijiko kimoja cha unga kwenye maji mengi unaweza usifike hata 20. Mtoto ameshiba kweli, analala kweli, lakini kilichomjaza ni maji yenye rangi ya unga. Na kwa kuwa hanyonyi, mwili wa mama unaona hauhitajiki, unapunguza kutengeneza.

Kuna jambo jingine alilonieleza, ambalo kwa mkoa wetu si la kupita haraka. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, kuchanganya maziwa na vyakula vingine kabla ya miezi 6 kunaongeza hatari ya mtoto kuambukizwa, na ndiyo maana mama anayetumia dawa zake vizuri anaambiwa amnyonyeshe bila kuchanganya kitu. Nikawafikiria akina mama wangapi wanaokubali kuchemsha uji mwezi wa tatu kwa sababu tu hawataki mtu aanze kuwauliza kwa nini mtoto wao hapewi.

Kifungua mimba wangu alipona taratibu. Yuko shule ya msingi sasa, anapenda mpira, kichwa chake cha hesabu ni kizuri. Ni mfupi kuliko wenzake. Siwezi kusema kwa yakini ni kwa sababu ya ile miezi, mimi mwenyewe si mrefu. Lakini ninajua utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu nchini, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Iringa hii ya mahindi, maharage, viazi na maziwa. Nikimwona amepanga foleni na wenzake asubuhi shuleni, jicho langu linakwenda lilipozoea kwenda.

Mdogo wake alizaliwa 2019. Safari hii nilijipanga. Nilikuwa sijachukua likizo ya mwaka, siku 28, nikaziunganisha na zile 84. Zikawa 112, karibu miezi 4. Kisha nikaingia kwa bosi wangu na kile kifungu cha saa 2 nimekinakili kwenye karatasi kwa mkono wangu. Alisoma, akakaa kimya, akasema nitakuwa natoka mchana kwenda nyumbani kunyonyesha na jioni natoka saa moja kabla ya wenzangu. Nikashukuru, ingawa nilikuwa naomba haki. Asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa nakamua maziwa kwa mkono, kwenye kikombe cha bati kilichochemshwa, nakifunika, nakiweka dirishani ambako baridi ya Mafinga ilikuwa inanisaidia kuyatunza mpaka nirudi mchana. Binti alikuwa anamnywesha kwa kikombe kidogo, taratibu, mtoto anaramba kama paka. Chupa haikuingia nyumbani kwangu tena.

Mama mkwe hakupinga, ila aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake wakati ule: "Mbona sisi kliniki ndiyo waliotuambia miezi minne?" Nilidhani anachanganya. Nitarudi hapo.

Miezi 6 ilipokaribia nilianza kumwangalia mtoto badala ya kuangalia kalenda peke yake, na dalili zikaja moja baada ya nyingine. Akikalishwa na kuegemezwa kidogo anakaa, shingo imekaza, kichwa hakiyumbi. Nikila ugali macho yake yanafuata mkono wangu kutoka sahani mpaka mdomoni, na mdomo wake unafunguka pamoja na wangu. Na ile tabia ya ulimi kusukuma nje kila kitu inakuwa imepungua. Ukimwekea kijiko chenye maziwa anakishika kwa midomo. Kwa mtoto wa miezi 3 ulimi unasukuma chakula nje, na sisi tunamfuta kidevu na kumrudishia, tunasema hajazoea.

Sababu ya miezi 6 yenyewe nilielezwa hivi. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama, inamtosha kwa miezi kama 6, kisha inapungua, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mwili wake pia unakuwa umekua mpaka maziwa peke yake hayamtoshi tena kwa nguvu. Kwa hiyo kuchelewa nako kuna madhara, jambo ambalo akina mama waliojeruhiwa kama mimi tunaweza kulisahau. Namfahamu jirani mmoja aliyekaa mpaka miezi 9 na maziwa tu, akijisifu, mtoto wake ukimfunua kope kwa ndani ni nyeupe kwa kupungukiwa damu.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba zamani hiki chakula kiliitwa cha kulikizia. Siku hizi wanasema chakula cha nyongeza, na mimi naona wamefanya jambo kubwa kubadilisha jina. Kulikiza ni kuachisha ziwa. Mtu akisikia amepewa chakula cha kulikizia, anaelewa ziwa sasa linaondoka. Nyongeza inakaa juu ya kitu kilichopo. Unamnyonyesha kama kawaida, halafu unaongeza.

Basi siku ilipofika nikaenda mashineni na unga wangu wa lishe. Nilikuwa nimekusanya vitu 9: mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, dagaa. Kila mtu niliyekutana naye aliniongezea kimoja, na mimi nilikuwa natubu makosa niliyomfanyia kaka yake kupitia ule mfuko. Kilo 5. Baada ya wiki tatu ulianza kunuka mafuta yaliyochacha. Mtoto akawa anafumba mdomo.

Afisa lishe wa wilaya alipopita kwenye kituo chetu, nikampelekea unga wenyewe kwenye mfuko. Akaunusa, akanirudishia. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele na mtama, akasema, ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukiwa na mmoja au wawili inatosha, hawa sita hawampi mtoto vitu sita. Soya bila kuchemshwa na kukaangwa vizuri kwanza ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini. Na karanga zikisagwa na kuhifadhiwa zinachacha, na zikiwa na ukungu ndiyo hatari kubwa, kwa sababu sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu ya kwenye nafaka. Hilo wengi tulilisikia redioni tukaliona la mbali. Ushauri wake ulikuwa rahisi: saga unga wa nafaka moja, karanga zichambue kwa mkono, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi tupa, zilizobaki twanga kidogo kila siku na utie kwenye sufuria wakati wa kupika.

Nikafuata. Na bado, kliniki ya mwezi wa nane, mstari ukalala.

Nilikaa kwenye benchi na ile kadi mapajani, nikalia. Nilikuwa nimesubiri miezi 6 kama nilivyoambiwa, nimekamua maziwa alfajiri za baridi, nimeacha chupa, nimetupa kilo 5 za unga. Nilikuwa nimeamini kwamba tarehe ndiyo siri yenyewe, kwamba nikiipatia tarehe mengine yote yatafuata. Nesi (huyu alikuwa mwingine, kijana) akaniuliza uji wangu ukoje. Nikamwambia laini, ili asipaliwe. Akaniuliza, "Ukiuchota kwa kijiko ukakiinamisha, unabaki au unamwagika?" Unamwagika, nikasema. Unamwagika kama chai ya maziwa.

Nilikuwa nimebadilisha umri, nimebadilisha chombo, nimebadilisha unga, lakini uji wenyewe ulikuwa ni uleule wa 2014.

Nikajaribu kuupika mzito. Ukawa mzito kweli, na mtoto akautema. Uji mzito uliopoa unashika mdomoni kama gundi, mtoto asiye na meno anahangaika nao, vijiko viwili amechoka. Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutuletea maharage mapya, alipouliza: "Kwani kimea huna?"

Kimea mimi nilikijua cha pombe. Akacheka kidogo, akatoka, akarudi kesho yake na kifuko cha unga wa ulezi wenye harufu tamu. Alipika uji mzito mbele yangu, mzito kiasi cha mwiko kusimama. Akaipua, akaacha upoe mpaka ule joto ambalo ukionja haukuunguzi. Akatia kijiko kimoja cha kimea, akaanza kukoroga polepole, huku anaongea habari za mvua. Mimi nilikuwa naangalia sufuria. Dakika chache tu, mwiko uliokuwa unavutwa kwa nguvu ukaanza kwenda wenyewe. Uji ukalegea, ukang'aa, ukawa unatiririka kutoka kwenye kijiko kama asali. Hakuongeza hata tone la maji. Akaurudisha jikoni ukachemka kidogo, akamimina kwenye bakuli. "Unga uleule," akasema, "maji yaleyale." Mtoto alimaliza nusu kikombe, akashika kijiko kwa mikono miwili.

Inavyofanya kazi si uchawi. Ulezi unapoota, mbegu inatengeneza vimeng'enya vya kukatakata wanga ili mmea upate sukari ya kukulia. Ukiuanika na kuusaga, vimeng'enya vinabaki kwenye unga, na ukivitia kwenye uji wa vuguvugu vinaendelea na kazi yao ya kukata. Wanga mrefu unaonata unakuwa mfupi, uji unalegea, lakini chakula chote bado kimo ndani. Ulezi unaloweka usiku mmoja, unamwaga maji, unaufunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uote, unaanika ukauke kabisa, unasaga.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Kwenye kupima, akasema. Miaka ya 80 palikuwa na mradi mkubwa wa lishe hapa Iringa, ulioanza 1983 kwenye vijiji 168, wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa kijijini kila baada ya miezi 3, mzani umening'inizwa, majina yanasomwa mbele ya watu, na akina mama wanafundishwa pale pale na sufuria zikiwa motoni. Kimea alikijulia pale. Mume wangu, aliyezaliwa 1984, ameninginia kwenye mzani ule. Mimi niliyemwona mama huyu kuwa ndiye aliyeniponza, sikuwahi kumuuliza yeye alifundishwa nini.

Na kuhusu miezi minne alikuwa anasema kweli. Ushauri wa dunia nzima wakati ule ulikuwa mtoto aanze chakula kati ya miezi 4 na 6. Ni mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha na kusema miezi 6 kamili. Wakati huo watoto wa mama mkwe walikuwa wameshabalehe. Hakuna aliyerudi kijijini kumwambia, "Mama, lile tulilokufundisha tumelirekebisha." Tulimwita mtu wa mila, kumbe alikuwa mwanafunzi mtiifu wa kliniki ya wakati wake.

Tangu hapo jikoni kwangu kulibadilika. Miezi 6 mpaka 8 chakula mara 2 au 3 kwa siku, kuanzia 9 mara 3 au 4, na kitu kidogo cha katikati. Dagaa nilikuwa nawatoa vichwa, nakaanga bila mafuta, nasaga, natia kijiko kwenye uji au kwenye viazi vya kuponda. Maharage nayapitisha kwenye chujio, maganda yanabaki. Maini mara moja kwa wiki, yamekunwa kwa kijiko. Chumvi na sukari hapana, asali hapana kabisa mpaka mwaka upite. Yai jirani alinikataza, eti mtoto atachelewa kuongea. Nikampa, na mtoto akaongea alipotaka kuongea.

Parachichi ndilo linaloniuma. Msimu wake, malori yanapita hapa yamejaa maparachichi ya kwenda kusafirishwa nje, na yaliyokataliwa kwa sababu ya doa kwenye ganda yanauzwa kwa ndoo kwa bei ya chini sana, mengine yanaozea shambani au wanapewa nguruwe. Tunda lile ni laini, lina mafuta, halihitaji moto wala meno, na nyumba mbili kutoka kwenye shamba utakuta mtoto wa miezi 8 anakunywa uji wa sembe mtupu. Nikimwambia mama mwenzangu amponde mtoto nusu parachichi, wengi wananijibu hilo si chakula cha mtoto, ni la kuuza.

Mwaka juzi mama mkwe alikuwa anatafuta hati ya kiwanja kwenye kasha lake la bati, akakuta kadi ya kliniki ya mume wangu. Imechakaa kwenye mikunjo, wino umefifia kuwa wa zambarau. Mstari unapanda mpaka mwezi wa tatu. Kwenye mwezi wa nne, kwa mwandiko wa nesi, maneno mawili: aanze uji. Hapo mstari unalala, unashuka kidogo, unakaa hivyo mpaka mwezi wa tisa, ndipo unaanza kupanda tena. Alikuwa hajawahi kuuangalia kwa namna ile. Alipitisha kidole chake kwenye ile sehemu iliyolala, akakirudisha, akapitisha tena.

Wifi yangu amejifungua hivi karibuni, na mama mkwe ndiye anayelea. Jumapili nilikwenda kuwaona. Mtoto ana miezi 5 na siku 11, ananyonya, mashavu hayo. Wifi akalalamika kwamba usiku halali, pengine tumpe kidogo. Mama mkwe hakugeuka, alikuwa juu ya mkeka anatandaza ulezi ulioota, vimizizi vyeupe vimesokotana kama uzi, anavitenganisha kwa vidole ili jua lipite.

"Bado siku kumi na tisa," akasema. "Kwanza hiki hakijakauka."